Neno "Bead": Jinsi Sala Ilivyogeuka Ushanga

Mwezi huu twataka kulichungua neno moja la Kiingereza, neno dogo ambalo mtoto wa shule hulijua mapema: "bead", yaani ushanga. Hatulichagui kwa sababu ya kupenda mambo ya lugha tu, ijapokuwa twayapenda. Twalichagua kwa kuwa limeleta huzuni katika usharika mmoja tuujuao, na huzuni hiyo ilianzia katika kamusi.

Mwalimu mmoja wa darasa la Kipaimara, kijana mwenye bidii, alikuwa akisoma kitabu cha hadithi cha Kiingereza ili azidi kuijua lugha hiyo. Akakuta habari za kikongwe wa zamani aliyekaa kando ya moto jioni, naye, kwa maneno ya kitabu, "told her beads". Mwalimu akafungua kamusi yake. "Tell" ni kuambia. "Beads" ni shanga. Basi kikongwe aliziambia shanga zake! Mwalimu alicheka peke yake, akaliandika neno hilo katika daftari. Jumamosi akawasomea wanafunzi wake, akawaeleza kwamba hivi ndivyo wafanyavyo ndugu wa Kanisa la Roma: huzungumza na shanga kama vile mganga azungumzavyo na hirizi zake.

Wanafunzi wakacheka. Msichana mmoja hakucheka. Bibi yake mzaa mama, ndiye aliyemlea, ni Mkatoliki, na kila usiku huishika rozari yake kando ya kitanda anacholala mjukuu huyo. Jumamosi iliyofuata msichana hakuja darasani. Na ya pili yake hakuja vile vile.

Mwalimu akaja kwetu. Hakuja kutubu, maana hakujua kwamba amekosa. Alikuja kuuliza kama Waingereza wana maneno mengine ya kuchekesha kama hayo. Tukampa kiti, tukamwambia kwamba katika maneno matatu aliyoyasoma amekosea mawili, tena la tatu hana hakika nalo kwa kuwa hajui kikongwe yule alikuwa akifanya nini. Haya yafuatayo ndiyo tuliyomweleza, pamoja na machache tuliyoyaongeza kwa ajili yenu.

Kwanza "told". Neno "tell" hapo kale lilichukua maana mbili pamoja, kusimulia na kuhesabu. Siku hizi Mwingereza hulitumia kwa kusimulia na kuambia, walakini maana ya kuhesabu haijafa kabisa. Karani wa benki akaaye dirishani akipokea na kutoa fedha huitwa kwa neno hilo hilo, "teller", kwa kuwa kazi yake ni kuhesabu. Kidachi, yaani Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kimeyatenga mambo haya mawili kwa kuongeza silabi moja tu: "zählen" ni kuhesabu, na "erzählen" ni kusimulia. Wala tusiyastaajabie ya wenzetu. Sisi nasi husema kwamba fulani alimhesabia mwenzake makosa yake yote mbele ya wazee, na kila mtu hufahamu kwamba aliyasimulia moja moja. Basi kikongwe hakuziambia shanga neno lo lote. Alikuwa akihesabu.

Alihesabu nini? Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Alihesabu "beads" zake. Na neno "bead" mwanzo wake halikuwa ushanga. Lilikuwa sala.

Waingereza wa kale, wale waliokaa nchini mwao kabla Wanormani hawajaishinda mwaka 1066, walikuwa na neno "gebed", maana yake sala. Lilitokana na kitendo "biddan", yaani kuomba, kusihi. Ukiijua lugha ya Kidachi utalitambua mara moja: Wadachi mpaka leo huiita sala "Gebet", kusali ni "beten", na kuomba ni "bitten". Waholanzi nao huiita sala "gebed", vile vile kama Waingereza wa kale, hawakubadili herufi hata moja. Waingereza wenyewe waliiangusha silabi ya kwanza, likabaki "bede", na kwa miaka mia nyingi mtu aliyesema "bede" alikuwa na maana ya sala, wala hakuna aliyefikiri habari za ushanga.

Walimu wa Katekisimo wataliona hapa jambo la kuwapendeza. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliigawanya Sala ya Bwana katika sehemu saba, na kila sehemu aliiita "Bitte". Waliotufasiria walisema "Ombi": Ombi la Kwanza, Ombi la Pili, hata la Saba. Walifasiri vema kabisa, maana kuomba kwetu kuna upana ule ule wa neno la Kidachi. Mtoto humwomba mama yake chakula, na Mkristo humwomba Mungu, na kitendo ni kimoja. Neno "sala" ni jingine; hilo limetoka katika Kiarabu, nalo lataja ibada iliyopangwa. Kwa hiyo mwanafunzi anaposema "Ombi la Kwanza", husema neno lenye maana ile ile iliyokuwa katika "bead" hapo mwanzo.

Sasa yatupasa kueleza jinsi sala ilivyoondoka kinywani ikakaa katika kidole.

Katika nyumba za watawa wa Ulaya desturi ilikuwa kuziimba Zaburi zote, nazo ni 150. Walakini katika nyumba hizo walikuwamo pia ndugu wasiojua kusoma, watu wa jikoni na wa shambani, na nje yake walikuwako Wakristo maelfu wasio na kitabu wala elimu. Hao walitaka kushiriki. Basi wakapewa badala ya kila Zaburi sala moja waliyoijua kwa moyo, ndiyo Baba Yetu; baadaye Salamu Maria ilienea zaidi. Ndipo ikaja taabu ambayo kila mwenye kuhesabu aijua: mtu akisema sala ile ile mara 50 au mara 150, atajuaje amefika wapi? Wengine walihesabu kwa vijiwe. Wengine walipiga mafundo katika uzi. Wengine walitunga vitu vya mviringo katika kamba, wakavipitisha vidoleni kimoja kimoja. Yasemekana kwamba mwanamke mkuu Godiva wa Coventry, aliyekufa yapata mwaka 1067, aliuachia monasteri wa mji huo uzi wa vito alivyovitunga, ambao alizoea kuupapasa kimoja kimoja katika kusali asipungukiwe na hesabu. Habari hiyo aliiandika mtawa William wa Malmesbury katika karne ya 12.

Mjini London walikuwako mafundi ambao kazi yao ilikuwa kutengeneza nyuzi hizo. Waliitwa kwa jina la Baba Yetu kwa Kilatini, "Pater noster", na njia waliyokaa karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Paulo ikaitwa Paternoster Row. Baadaye njia hiyo ikawa ya wauza vitabu na wapiga chapa, na vitabu vingi mno viliteketea pale kwa mabomu usiku wa tarehe 29 Desemba 1940. Habari ya vitabu hivyo haimo katika somo letu, lakini sisi tulio watu wa magazeti hatuwezi kupita mahali hapo bila kusimama kidogo.

Tumsikilize basi mtu wa zamani hizo. Alisema, "Nahesabu sala zangu," yaani, "I tell my bedes". Aliyesimama karibu aliona nini? Hakuiona sala, kwa sababu sala haionekani. Aliona vidole vikipitisha vitu vya mviringo katika uzi. Mtoto aliyemtazama bibi yake akisikia "bedes, bedes" kila jioni, alidhani ni jina la vile vitu. Hivyo katika karne ya 14 neno hilo laonekana likitumika kwa vyote viwili, sala na punje ya kuhesabia. Hakuna mfalme aliyeamuru neno libadilike, wala mwanachuoni aliyelikosea. Jina lilishuka polepole kutoka kitu kisichoonekana mpaka kitu kishikwacho mkononi.

Hapo mwalimu wetu alitaka kucheka tena. Akasema, "Bwana Mchungaji, Wazungu hawa walipoteza neno la sala kwa ajili ya ushanga!" Tukamwuliza, "Tasbihi ni nini?" Akajibu upesi, "Ni ule uzi wa shanga wa Waislamu." Tukamwambia kwamba yeye mwenyewe amefanya papo hapo yale yale waliyofanya Waingereza. Tasbihi kwa Kiarabu ni tendo la kumtukuza Mungu, la kutamka kwamba ametakasika. Mwislamu huleta tasbihi kwa ulimi, naye hushika uzi wenye punje 33 au 99 ili asipotewe na hesabu; watu wa pwani wakauita uzi kwa jina la tendo. Leo waweza kununua tasbihi dukani, ukaipoteza njiani, ukaikuta imekatika. Utukufu wa Mungu haununuliwi wala haukatiki. Ni jina tu lililohama. Kiswahili na Kiingereza havikuambizana, bali vilipita katika njia moja.

Huko Uganda neno lilisafiri kwa namna nyingine. Wakristo wa kwanza walijulikana kwa vitabu vyao, na kwa Kiganda "okusoma" likawa ni kusoma kitabu na pia kwenda kanisani kusali. Wengine sala iliwaachia shanga jina, na wengine kitabu kiliipa sala jina.

Neno la kale halikufa siku moja. Katika Uingereza walikuwako watu walioitwa "bedesmen", maana yake watu wa sala. Tajiri alipojenga nyumba ya maskini, aliwapa wazee chakula na mahali pa kulala, nao wakafungwa na wajibu wa kumwombea yeye na roho yake baada ya kufa. Huko Lyddington ingaliko nyumba iitwayo Bede House, iliyofanywa makao ya wazee maskini mwaka 1600. Na katika Kanisa la Uingereza kiongozi akiwataka watu waombe, akiwatajia moja moja mambo ya kuombea, sala hiyo huitwa "bidding prayer". Humo "bid" limebaki na maana yake ya kwanza. Mahali pengine neno "bid" limechafuka, kwa maana limechanganyika na neno jingine la kale lenye maana ya kuamuru na kutoa. Ndiyo sababu mwanafunzi hulikuta mnadani, mtu akitaja bei, naye akashindwa kuona sala iko wapi. Asiitafute sana.

Twafika sasa katika siku za Matengenezo ya Kanisa, na hapa twawaomba wasomaji watusikilize kwa makini, maana mwalimu wetu alidhani kwamba baba zetu wa imani walizichekea shanga kama yeye. Sivyo. Neno walilolipinga lilikuwa hesabu isiyo na moyo. Mwaka 1535 Luther alimwandikia kinyozi wake, jina lake Peter, kitabu kidogo cha kumfundisha kusali. Huyo Peter alikuwa mtu wa wembe na sabuni, naye Luther alimfundisha kwa mfano wa kazi yake: kinyozi asiyeangalia wembe wake ataikata pua ya mtu. Kisha akamwonyesha jinsi ya kushika kila amri ya Mungu na kuisokota nyuzi nne: mafundisho, shukrani, maungamo, na ombi. Luther aliuita msokoto huo taji dogo. Nanyi jueni kwamba rozari kwa Kidachi huitwa "Rosenkranz", yaani taji la waridi. Luther alikuwa mtawa, alizijua sala za kuhesabu kwa miaka mingi. Alipomtoa Peter katika kuhesabu hakumwacha mikono mitupu, alimpa taji jingine la kusokota.

Uingereza mambo yalikuwa makali zaidi. Maagizo yaliyotolewa mwaka 1538 kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane yalikataza, pamoja na mengine, kutamka hesabu ya "beads" pasipo kufahamu wala kuweka moyo. Tazameni vema yaliyokatazwa: kutofahamu na kutokuweka moyo. Lakini mwaka 1571, siku za Malkia Elizabeth, sheria ya nchi iliukataza hata uzi wenyewe. Mtu aliyeleta shanga za namna hiyo kutoka Roma na kuwapa watu aliingia hatarini mwa adhabu kubwa. Hapo uzi ukafichwa masandukuni. Neno "bead" likabaki barabarani bila sala, kama mtu aliyefukuzwa kwao akaenda kutafuta kazi nyingine.

Kazi ilipatikana. Likawa neno la mapambo, la kioo, la matone ya jasho katika paji la uso, na la ile ncha ndogo iliyo mbele ya bunduki ambayo mpiga shabaha huitazama. Kuliko yote likawa neno la biashara, na kwa biashara hiyo lilifika kwetu. Shanga za kioo zilizofanywa Venice zililetwa Unguja na kubebwa vichwani mwa wapagazi mpaka maziwa makuu. Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857, aliandika kwamba namna za shanga hizo zilikuwa kama 400. Ziliuzwa kwa kete na fundo, na kete kumi zilifanya fundo moja. Nyekundu iitwayo samisami ilipendwa hata ikapewa jina la kuvunja mji, kwa jinsi wake walivyowafilisi waume zao. Henry Stanley alipojitayarisha Unguja mwaka 1871 ilimbidi ajifunze kwanza nchi ipi yataka nyeusi na ipi yataka nyekundu, maana rangi isiyopendwa haikununua hata kuku. Kwa hiyo waliotunga kamusi za Kiingereza na Kiswahili walipofika neno "bead" waliandika "ushanga", na hawakukosea. Waliandika habari za soko lililokuwa mbele yao. Kosa ni la mtu aichukuaye bei ya sokoni akaipeleka katika chumba cha kikongwe anayesali.

Mwalimu alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo tulilitazamia, tena alikuwa na haki ya kuliuliza: je, Bwana wetu katika Mathayo 6:7 hakuonya juu ya kurudia-rudia maneno? Tulimjibu kwamba ameonya, nasi hatusali kwa rozari, na sababu zetu tumezifundisha wala hatuzifichi. Salamu Maria haimo katika sala zetu. Mwalimu akiulizwa darasani, na aseme hivyo kwa wazi na kwa adabu. Lakini kusema kwamba bibi wa msichana huzungumza na shanga ni jambo jingine. Hilo latuhusu katika Amri ya Nane, ile ya kumshuhudia jirani uongo, ambayo Luther hakutosheka kuifanya makatazo tu; alitutaka tumtetee jirani na kuyaeleza mambo yake kwa upande ulio mwema.

Tena tulimwambia habari zetu wenyewe. Tulipokuwa katika seminari tulipaswa kuisema Katekisimo nzima kwa moyo, na aliyemaliza upesi alisifiwa. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, na pengine tulikuwa ni sisi, aliyeweza kuzisema Amri Kumi na maelezo yake huku akihesabu madirisha ya ukumbi. Hatukuwa na uzi wala punje, lakini mambo yaliyokatazwa mwaka 1538 tulikuwa nayo yote mawili.

Mwalimu hakusema neno zaidi. Siku ya Alhamisi alikwenda mwenyewe nyumbani kwa yule bibi. Alitueleza baadaye kwamba alikuwa ameyatayarisha maneno marefu ya kuomba radhi, lakini bibi hakujua cho chote. Mjukuu alikuwa amemwambia tu kwamba darasa limefungwa kwa ajili ya mavuno. Basi ilimlazimu kumweleza yote tangu mwanzo, hata habari za kamusi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akaitoa rozari katika upindo wa kanga, akaiweka katika kiganja cha mwalimu ili aione, shanga za mti zilizochakaa kwa kushikwa. Akamwambia kwamba zamani alisali kwa kitabu, lakini macho yake yamekwisha, na sasa asiposhika kitu usingizi humchukua kabla hajafika kwa wajukuu wote.

Mwalimu akamwuliza wajukuu wake ni wangapi. Akaanza kuwataja, na mkono wake ukaunyosha kuutaka uzi.

Jumamosi msichana alikuja darasani, akaketi mahali pake karibu na dirisha. Mwalimu aliwaambia wanafunzi kwamba maneno aliyowasomea wiki tatu nyuma aliyafasiri vibaya, akaandika ubaoni "bead", na chini yake "ombi".